Gauni, Nyuso na Mlima wa Kwenye Kamera

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera hata kidogo. Mwenye Studio wa pale Suna, Migori, mtu mrefu wa kuvaa kofia hata akiwa ndani ya nyumba, alinitoa nje akaniambia ninyooshe mkono juani, halafu niurudishe kivulini mwa veranda, halafu niutoe tena. Wapita njia walidhani nimerukwa na akili.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona mkono."

Akacheka mpaka kofia ikataka kuanguka. "Rudia. Chai utakunywa ukishaona mwanga."

Ndivyo tulivyofundishwa. Kupima mwanga, yaani kuamua kamera ifungue jicho kiasi gani na kwa muda gani, lilikuwa jambo la kichwa na ngozi. Ndani ya boksi la filamu kulikuwa na karatasi yenye picha ya jua, jua na wingu, na wingu tupu, na chini yake namba za kuweka. Shule mimi niliiacha mapema, lakini wingu nilijua kulisoma, maana kwetu tunalima. Mwenye Studio alikuwa na sheria yake: uso mweusi uongezee mwanga kidogo kuliko karatasi inavyosema, kwa sababu waliochapisha ile karatasi hawakuwa wakiwafikiria watu wa Migori. Na filamu ilikuwa na huruma. Mwanga ukizidi kidogo ilivumilia. Ukipungua, uso ulizama gizani na huwezi kuuvuta tena.

Kutoka Suna nikaenda Rongo kwa Msimamizi wa Picha, mtu wa chai ya tangawizi na asiyetaka maswali. Kazi yetu kubwa ilikuwa mahafali. Kamera za wakati huo tayari zilikuwa na kipimo ndani, sindano ndogo ya kukuambia mwanga umetosha. Sasa, majoho meusi yaliidanganya sana ile sindano. Kamera huamini kila kitu duniani ni kijivu. Ikiona weusi mwingi inadhani ni giza, inakuambia ufungue zaidi, na joho linatoka kama majivu ya jikoni huku paji la uso limepauka.

"Pima uso!" Msimamizi alikuwa akinifokea mbele ya wazazi. "Joho linarudishwa jioni. Uso mtu anaenda nao nyumbani!"

Hapo Rongo ndipo nilipompata mke wangu, aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho. Mwanamke huyo hajawahi kupigwa picha bila kufumba macho. Kwenye picha ya harusi yetu utadhani amelala, na ukimuuliza anakuambia alikuwa anaomba. Lakini nisipotee.

Uzeeni nikajikuta Homa Bay, kwa Madam. Madam ndiye aliyekuwa na kampuni ya picha za harusi, na umri wake ni kama wa kitinda mimba wangu. Yeye ndiye aliyenionyesha histogramu. Ni mlima mdogo unaojichora kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Upande wa kushoto ni giza, upande wa kulia ni mwanga, na mlima unakuonyesha picha yako imejaa wapi. Ukibanana na ukuta wa kulia, weupe umeungua. Na kamera hizi mpya hazina huruma ya filamu: kilichoungua hakirudi.

"Mzee, usiamini picha unayoiona kwenye kioo," Madam alikuwa akiniambia. "Jua linakudanganya. Amini mlima."

Nami namjibu, "Madam, mlima haujui bibi harusi ni nani na kitambaa cha meza ni kipi. Unahesabu mwanga tu."

"Na macho yako, Mzee, je? Yamekunywa jua miaka mingapi?"

Tulibishana hivyo kila wiki, kwa raha kabisa, mpaka ikafika harusi ya Akinyi.

Akinyi alikuwa anaolewa na kijana Mkuria wa Kehancha. Ilikuwa Jumapili, maana familia yao ni Wasabato na Jumamosi hawafanyi shughuli. Asubuhi tu, kabla sijafungua begi, mama yake akanishika mkono.

"Jaduong', mzee wangu, sikia. Binti yangu mkubwa aliolewa, akaja mpiga picha mwingine. Picha zikatoka gauni inatembea peke yake, kama haina mtu ndani! Sisi wote giza. Mama yangu mzazi alikuwa pale, na leo hayuko. Sina picha ya uso wake siku hiyo. Leo ukinipotezea watu wangu tena, sitakusamehe."

Nikamwambia nimesikia.

Picha ya ukoo mzima ilipangwa saa sita, nyuma ya kanisa, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Saa mbaya kuliko hiyo hakuna. Jua liko utosini, kila jicho limekuwa shimo, gauni linawaka kama bati jipya, na ziwa nyuma linametameta. Halafu harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa inatoka kwenye hema, na watu wa kwetu wakishaonja samaki hawapangiki tena.

Nikapiga ya kwanza kwa macho yangu. Nyuso safi. Madam akachungulia. "Mzee, mlima umegonga ukuta. Lesi yote imeungua, gauni imekuwa karatasi."

Nikapunguza mwanga. Mlima ukarudi ndani vizuri, ukatulia, lakini nyuso zikazama gizani. Mama Akinyi naye akazunguka kuja kuangalia.

"Mmeanza tena! Hii ni harusi ya watu ama ya gauni?"

"Mama, gauni ikiungua hatuwezi kuirudisha," Madam akamwambia kwa upole.

"Gauni nimeiona dukani! Mimi nataka watu wangu!"

Shangazi mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Na mimi nataka samaki!"

Watu wakacheka, mimi nikatokwa jasho. Madam alikuwa na haki. Mama Akinyi alikuwa na haki. Na hakuna namba kwenye kamera ya kuwapatia wote wawili.

Basi mnajua desturi yetu: wanawake hutandika leso, yaani khanga zao, chini ili bibi harusi apite juu yake. Akinyi alikuwa anasogezwa tena mahali pake, anatandikiwa, na alipokanyaga leso ya manjano iliyokuwa juani, nikaona shingo yake na kidevu vimewaka kwa chini. Mwanga ulikuwa unapanda kutoka ardhini!

"Kina mama!" nikapaza sauti. "Tandikeni leso zote hapa mbele ya watu!"

Wakatandika kwa vigelegele. Nikapiga. Tukatazama. Macho yalionekana, lakini, jamani! Babu wa Kehancha kidevu chekundu, bwana harusi manjano kama ameanguka kwenye sufuria ya mchuzi. Rangi ya leso yote ilikuwa imepanda usoni.

Madam alicheka mpaka akashika magoti. "Mzee, ulichofikiria ni sawa. Tutafute kitu cheupe!"

Weupe ulikuwa hemani. Wanawake wakavamia meza, wakavuta vitambaa vyote, mpishi anawafuata na mwiko: "Sahani nitaweka wapi? Kwa magoti ya watu?" Vitambaa vikatandazwa miguuni pa ukoo mzima, mstari mrefu mweupe.

Madam akashika mlima. Mimi nikashika mashavu ya watu, kwa macho. "Ukuta?" nikauliza. "Bado kidogo... hapo, usiguse," akajibu. Nikatazama weupe wa macho ya bibi mmoja mzee aliyekaa mbele, kunyanzi moja moja, nikangoja yule shangazi wa samaki amalize kusema neno lake, na walipocheka nikabonyeza.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa ya mwisho. Magoti yalikataa, nikastaafu, na sasa niko Rongo na kuku wangu. Vijana wanakuja kuniuliza: Mzee, tufuate mlima au tufuate macho? Ninawaambia mlima utazameni kila mara, mimi niliujua nimechelewa, na niliufurahia. Utawaambia kipi kimeungua. Lakini nani asipotee kwenye picha, hilo muulizeni mwenye harusi, kabla hamjafungua begi.

Picha ile ya ukoo ilipotoka, kubwa, kwenye fremu, tulimpelekea Mama Akinyi sisi wawili, mimi na Madam. Akaita majirani. Akaweka kidole juu ya kioo akaanza kutaja: huyu mkwe wangu, huyu babu yao wa Kehancha, hili ni tabasamu la dada yangu, tazama hata pengo lake. Akapita watu wote, hakuruka hata mmoja. Mwisho kidole kikasimama katikati, kwa mama mmoja wa kilemba cha kijani, anacheka meno yote nje.

"Na huyu mrembo ni nani?" akaniuliza.

"Si ni wewe, Mama."

"Najua ni mimi," akasema. "Nilitaka hawa wasikie."