Kidimbwi Kilichooshwa kwa Ajili ya Mgeni

Wanafunzi walimwita Usiguse, na jina halikumwonea. Mwalimu huyu wa sayansi alifundisha miaka nenda miaka rudi kwa chaki na kabati lililofungwa. Kabatini mlikuwa na hadubini, na ufunguo aliuvaa shingoni kama hirizi. "Vitu vya shule vina wenyewe," alisema, kana kwamba wenyewe si hao watoto.

Kisha ikatangazwa Siku ya Sayansi na Viumbe Hai. Mkaguzi angekuja kuona watoto wakijifunza kwa mikono yao. Mkuu wa shule akamnong'oneza kuwa kiti cha msaidizi wake ki wazi. Siku ikifana, ni chake. Usiguse akajifunga kibwebwe.

Nyuma ya madarasa kulikuwa na kidimbwi cha kijani, kimejaa vyura, viluwiluwi na konokono. Watoto wangevua humo. Usiguse alikitazama akaona haya: mgeni mkubwa aoneshwe tope? Akawatoa watoto na mafagio. Magugu yakang'olewa, tope likachotwa, kingo zikasuguliwa kwa sabuni ya unga, kisha kikajazwa maji ya bomba na dawa ya kuua vijidudu.

"Baba watoto, na vyura je?" mkewe alimuuliza jioni.

"Watarudi. Mgeni kwanza."

Kesho yake, chini ya bango la TUSHEREHEKEE VIUMBE HAI, watoto walitumbukiza vyandarua wakaibua maji. Wakarudia. Maji matupu, yananukia sabuni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuwa amewamaliza wenyeji wote.

"Basi tuone hadubini," mkaguzi alisema, kwa huruma.

Kabati likalia, likafunguka. Katika sanduku la hadubini mjusi alikuwa ametaga, na yai moja lilikuwa linapasuka. Kichwa kidogo kikachungulia. Watoto wakapiga yowe la furaha. Mkaguzi mwenyewe aliinama, uso umemchangamka, na Usiguse akakiona kiti kile kinamrudia.

"Sogea, binti," mkaguzi alimwambia msichana wa mbele. "Mpokee kiganjani, taratibu."

Msichana akanyoosha mkono. Usiguse alijua la kusema. Alilitaka kwa moyo wote. Lakini mdomo una mazoea yake.

"Usiguse!"

Mikono yote ikarudi nyuma kwa mpigo mmoja, hata ile iliyokuwa mifukoni ikatoka ikarudi nyuma. Mkaguzi aliwatazama watoto wale, kisha akafunga kalamu yake. Mjusi mchanga pekee, ambaye hakuwahi kusoma shule hiyo, alitoka kwenye yai akapanda juu ya mkono wa mwalimu.