Skrubu za Redio ya Baba

Enzi zetu kule Busunzu, Kibondo, sauti haikuwa michoro kwenye kioo cha kompyuta. Ilikaa ndani ya redio ya baba, juu ya kabati, na betri zake zikichoka tulizianika juani kwenye mkeka mmoja na maharage, zikapata nguvu ya siku mbili tatu.

Redio hiyo ilipoanza kukoroma, wazee wakiwa shambani, niliifungua kwa kisu. Ndani kulikuwa na vikopo vya bati, kila kimoja na skrubu yake, na zote niliziona zimelegea. Mimi binti wa bidii nikazikaza zote mpaka mwisho. Redio ikanyamaza kabisa.

Jioni majirani wakaja kusikiliza habari kama kawaida yao, wakakuta kimya. Shangazi akasema ipelekwe Kasulu kwa fundi. Baba akakataa, akaniita mwanangu kwa lugha ya kwetu.

"Umelikoroga, mwana wanje, utalinywa. Isiposema kabla ya Pasaka, hutagusa tena chombo changu."

Niliumia, maana nilitaka ufundi kuliko chakula, na shuleni walishanicheka kwamba msichana kazi yake ni jembe na mwiko. Basi kila nikitoka shule nilikaa na redio ile, sikio kwenye spika. Nalegeza robo mzunguko, nasikiliza, narudisha kidogo. Taratibu nikaelewa kwamba vikopo vile vinasaidiana kupitisha stesheni moja na kuzizuia nyingine. Siku moja kabla ya Pasaka mtangazaji akasikika, kwanza kwa mbali, halafu waziwazi, hata shangazi akaacha kusonga ugali. Baba hakunisifu. Alipokwenda Kasulu alirudi na bisibisi, akaniwekea mezani.

Leo mjukuu wangu Eliya anaandika programu za kuchuja sauti. Juzi aliniambia, "Bibi, mambo ya bisibisi yamepitwa. Sauti siku hizi ni hesabu." Akanisikilizisha kazi yake. Ilikoroma! Namba zote alikuwa amezipandisha mpaka mwisho.

"Shusha moja moja," nikamwambia, "na usikilize."

Alibisha, akashusha, ikatakata. Mwenzetu akikosea anabonyeza kitufe, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Sisi hatukuwa na kitufe hicho, na sioni aibu kusema tulijifunza zaidi kwa kukikosa.

Baba ametangulia, lakini bisibisi yake ninayo. Anayesema nimepitwa na wakati alete redio iliyonyamaza. Bisibisi nitamwazima, sikio ajitafutie mwenyewe.