Nilimzeesha Binamu Yangu kwa Kompyuta

Naanza na kosa lenyewe, maana nikianza na maelezo mtanihurumia, na huruma sistahili. Nilimzeesha mwanamke mwenye sauti nzuri kuliko zote pale Magoma. Nilipogundua nimefanya nini, nilinyamaza, nikamwacha aamini kwamba ni umri.

Jina langu silitaji. Wa Korogwe watanijua tu, na wa Handeni wananijua zaidi, kama utakavyoona.

Ilikuwa miaka ile ambayo soko huria lilikwisha kutuvisha mitumba, likaanza kutuletea na mitumba ya kuweka mezani. Nilikuwa mwalimu wa Fizikia Korogwe, nimemaliza chuo kikuu Mlimani, nina cheti ukutani na kiburi cha kutosha. Nikaenda Dar es Salaam, nikarudi na kompyuta iliyokwisha kutumiwa na watu wa nchi nyingine, maikrofoni moja, na kitabu cha maelekezo kisicho na jalada. Chumba cha wageni nikakibandika trei za mayai ukutani na godoro mlangoni. Mke wangu akauliza wageni watalala wapi. Nikamwambia sanaa haina wageni. Hilo nalo ni kosa, lakini nalitubu kwake kila siku. Hapa nazungumzia lile kubwa.

Nieleze kidogo mambo ya kompyuta, vinginevyo hutaelewa dhambi yangu. Kompyuta haisikii wimbo kama sikio linavyosikia. Inauchungulia kwa vipande vidogo vidogo, maelfu kwa kila sekunde, na vipande hivyo huitwa sampuli. Unaweza kuiambia ichungulie mara elfu arobaini na nne na mia moja kwa sekunde, ambacho ndicho kipimo cha sidii za muziki, au mara elfu arobaini na nane. Kila kipande hupimwa ukubwa wake kwa ngazi, na hesabu ya ngazi hutokana na biti. Biti kumi na sita zina ngazi zaidi ya elfu sitini na tano. Biti nane zina ngazi mia mbili hamsini na sita tu. Ngazi zikiwa chache, sauti hukwaruza.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nafundisha mawimbi ya sauti kidato cha tatu, na mtoto akikosea nilikuwa natikisa kichwa kwa masikitiko.

Zaituni ni mtoto wa mjomba wangu, yaani binamu, na kwetu binamu ni mtani. Naweza kumwambia ana miguu kama ya korongo naye akaniambia kichwa changu kimejaa chaki, tukacheka, tukala. Alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha akina mama cha harusini, kulekule Magoma. Yeye huanzisha, wengine humwitikia. Binti yake alikuwa anaolewa Handeni, na kikundi kikataka kurekodi nyimbo kabla ya harusi.

Walikuja wanane, na ngoma mbili. Mwenyekiti wao, Bi Tatu, alitazama trei za mayai akauliza kuku wako wapi. Ili kuwanyamazisha, nikawaonyesha maajabu: nikarekodi sauti ya Mama Shabani, nikaibana kwa kompyuta mpaka akalia kama kifaranga. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Yakumbuke maajabu hayo, yatanitokea puani.

Waliimba vizuri kupita kiasi. Mimi nilikuwa nimechagua elfu arobaini na nane, kwa hoja ya kisomi kabisa kwamba namba kubwa ni bora kuliko namba ndogo. Katikati ya kazi nafasi ya kompyuta ikaanza kuisha, nikashusha biti kutoka kumi na sita hadi nane kwa faili zote. Nikajiambia wanawake wa harusini nani atasikia tofauti.

Siku ya kuchoma sidii, kompyuta ikakataa: sidii inataka elfu arobaini na nne na mia moja. Njia halali ni kuiambia iugeuze wimbo, yaani ipige hesabu upya, kipande kwa kipande. Kwa mashine yangu hiyo ilikuwa kazi ya nusu siku. Nikaona njia ya mkato: kubadilisha ile namba tu kwenye kichwa cha faili, yaani lebo inayoiambia kompyuta isome kwa mwendo gani. Ni sawa na kuchukua gunia la mahindi la Handeni ukaliandika mchele, ukategemea mpishi asijue.

Kompyuta ikakubali. Kumbe sasa ilikuwa inavisoma vipande vilevile kwa mwendo wa polepole. Wimbo wa dakika nne ukawa wa dakika nne na sekunde ishirini na moja, na kila sauti ikashuka.

Je, sikuusikiliza kabla ya kuupeleka? Niliusikiliza mwanzo tu, pale ambapo mimi mwenyewe nilikitambulisha kikundi. Sauti yangu ilikuwa nzito, tulivu, kama ya mtangazaji wa redio anayesoma taarifa ya habari. Niliirudia mara sita. Nikajiuliza kwa nini nilipoteza miaka yangu kwenye Fizikia.

Tukakutana uani kwa Bi Tatu, kwenye redio kubwa. Wimbo ukaanza. Ngoma zilivuta miguu. Kisha akaingia Zaituni, na hakuwa Zaituni. Alikuwa kama dada yake mkubwa, tena aliyeamshwa usingizini.

"Huyu nani?" akauliza Mama Shabani.

"Zaituni huyo," akasema mwingine. "Zaituni wa mwaka kesho kutwa."

"Na huo moto unaokaanga samaki nyuma yangu ni wa nani?" Zaituni mwenyewe akauliza. Hizo zilikuwa biti nane.

Wote wakacheka isipokuwa mimi. Nilikuwa natazama saa ya redio. Dakika nne zilipita na wimbo haujaisha. Hapo nikajua. Nakuambia wewe unayesoma, nilijua palepale, kwa ukamilifu, kama ninavyojua jina la mama yangu.

Bi Tatu akanigeukia. "Mwalimu, mashine ina hitilafu?"

Ilikuwa nafasi ya kusema ndiyo. Neno moja tu. Lakini nilikuwa nimevaa shati la kupigwa pasi, na nilikuwa msomi pekee katika ua ule.

"Mashine haidanganyi, Bi Tatu," nikasema. "Inasema kilichopo. Labda mafua."

"Hata ngoma zina mafua?"

"Ngoma humfuata mwimbishaji."

Angalia nilivyokuwa mwepesi. Kosa lilinichukua nusu saa kulifanya, uongo ukanichukua kufumba na kufumbua.

Zaituni hakunijibu kwa utani. Hilo lilinishtua kuliko lolote. Aligusa koo lake, akasema polepole, "Mimi nilidhani uzee bado."

Wiki hiyo alikunywa tangawizi na asali mpaka mwanawe akasema nyumba inanuka duka. Wiki ya pili akawaambia wenzake wamtafute mwingine, yeye hataki kuwaaibisha mbele ya wakwe. Wakamteua Mama Shabani. Na harusi ilikuwa ya binti yake Zaituni, mtoto wake wa pekee. Kwao mama wa bibi harusi ndiye huimba wimbo wa kumtoa mwanawe ndani. Sasa angemtoa kwa mdomo uliofungwa.

Nikashindwa kula. Nikaurekebisha wimbo kwa njia halali, nusu siku nzima. Mwendo ukarudi, na Zaituni akarudi. Yale makwaruzo hayakutoka, maana biti ukishazitupa hazirudi hata kwa maombi. Nikapanda gari kwenda Magoma kuungama.

Nikawakuta wanachambua mboga. Nikasema yote: kosa langu, namba yangu, uvivu wangu.

Wakacheka mpaka mboga zikamwagika.

"Mtani ameingiwa na huruma," akasema Mama Shabani. "Muoneni alivyo mnyonge."

"Nasema kweli."

"Mtani akisema kweli tutamjuaje?" akauliza Bi Tatu.

Nikawapigia sidii mpya. Zaituni akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu tabasamu la mgonjwa kwa mtu aliyemletea chungwa. "Umeibana, binamu. Kama ulivyombana Mama Shabani akalia kifaranga. Asante, lakini usinipambe. Kichwa chako cha chaki, moyo mzuri."

Nilirudi Korogwe nikiwa nimesifiwa kwa ukweli nilioshindwa kuuza.

Siku ya harusi wakwe walitoka Handeni na gari mbili, vumbi mpaka kwenye kope. Wakaketi. Mama Shabani akaanza wimbo wa kumtoa bibi harusi, akauanzisha juu mno, kule ambako hata ndege huomba ruhusa. Waitikiaji wakamfuata nusu ya njia wakaachana naye. Akaanza tena. Ukakatika tena. Zaituni alikuwa kwenye kizingiti, anakunja kanga iliyokwisha kukunjwa.

Ndani kukatoka ujumbe: bibi harusi amesema hatoki mpaka mama yake aimbe.

"Mwambieni mama hana sauti," akasema Zaituni bila kuinua uso.

"Ameambiwa. Anasema basi haolewi leo."

Wakwe wakaanza kutazamana. Mzee wao, mkwe mkubwa, akatazama jua, akatazama gari zake. Bi Tatu, kwa kuwa kaka yake Zaituni alikwisha kufariki, akaniita mimi binamu nishike nafasi yake. Mjomba wa bibi harusi aseme neno kwa wakwe, wasione wamedharauliwa.

Nikasimama na hotuba yangu mfukoni. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho chuo hakikunifundisha. Na binamu yangu mimi ni mtani, kila nisemalo ni mchezo. Lakini kwa mkwe hakuna utani. Mjomba akitania mbele ya wakwe, ndoa inaweza kuvunjika, na kila mtu uani pale alilijua hilo. Kile kilichokuwa mzaha kwenye mboga, pale kingekuwa kiapo.

"Wakwe zetu," nikasema, "shikamooni. Mbele yenu sitanii. Mama wa binti yenu hana mafua wala hajazeeka. Mimi niliirekodi sauti yake kwa namba moja, nikaichoma kwa namba nyingine, ikatoka nzito. Hata sauti yangu ilitoka nzito, na nikaipenda. Nilijua siku ileile. Nikamsingizia yeye kwa sababu niliogopa kuonekana sijui kazi."

Kuku mmoja tu ndiye aliyeendelea na shughuli zake.

Mkwe mkubwa akanitazama tangu viatu mpaka kichwa. "Wewe ndiye msomi wa ukoo huu?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Kwa hiyo mama yetu yuko mzima?"

"Mzima kabisa."

"Basi aimbe tuondoke. Handeni ni mbali, na hatukuja kusikiliza mashine."

Zaituni aliniangalia muda mrefu. Sijawahi kuangaliwa vile hata na mtahini. Kisha akaiweka kanga chini, akafungua mdomo, na sauti yake ikatoka ileile, nyembamba, safi, haina samaki wa kukaanga nyuma. Akina mama wakaitikia kwa nguvu ya watu waliofungiwa wiki mbili. Mlango ukafunguka. Binti akatoka analia na kucheka.

Lakini binamu hakuwa amemaliza. Wimbo wa kumtoa mwari una ubeti ambao mwimbishaji hujitungia, akamgusa amtakaye. Akanigeukia:

*Msomi kaja na sanduku,*
*kaazima sauti yangu,*
*kairudisha imevimba.*

Wakwe waliusikia mara moja tu, wakaushika. Wakauimba garini kutoka Magoma mpaka Handeni, na Handeni ndiko nilikozaliwa mimi. Mwezi uliofuata nilipokwenda kumsalimia mama yangu, aliitikia shikamoo yangu, akanikaribisha uji, ndipo akauliza, "Mwanangu, sauti ya watu umeirudisha?" Wanafunzi wangu Korogwe walikuwa wanasimama kwa adabu nikiingia darasani, na nikiugeukia ubao tu, nyuma kukavuma mluzi wa wimbo ule.

Zaituni alinisamehe. Tunataniana kama zamani. Lakini chumba changu cha kurekodia hakukiingia tena, na sauti yake ya miaka ile ninayo katika ngazi mia mbili hamsini na sita tu, inakwaruza mpaka kiama. Hiyo ndiyo inayoniuma ninapokuwa peke yangu.

Basi wewe uliyenunua kompyuta na unataka kurekodi nyumbani, chagua namba moja mwanzo, ibaki hiyo mpaka mwisho. Ikibidi kubadili, geuza wimbo wenyewe, usigeuze lebo. Biti usizibanie. Sikiliza sidii yote, siyo sehemu uliyozungumza wewe. Na kabla hujamwambia mtu kwamba ameharibika, tazama kwanza ulichobonyeza. Ukikuta ni wewe, sema palepale, ungali na watu wanane uani. Ukisubiri wakwe, wao hukariri kwa kusikia mara moja tu, na wanaishi mbali.