Mtoto Niliyemchora Machimboni

Ipo siku moja naikumbuka kila mtu anaponiletea kitabu cha picha alichokitunga mwenyewe, na wewe, mwanangu, umeniletea cha kwako leo, basi imenirudia tena. Nimechoka, nikwambie ukweli. Macho yangu siku hizi yanataka mwanga wa saa nne asubuhi, na hicho kitabu chako kimo ndani ya simu, nikigusa kidogo tu ukurasa unakimbia. Lakini umetoka Kwedizinga kwa pikipiki, umekula vumbi njia nzima ili mzee aangalie michoro yako, na mama yako amekufungia ndizi za kuniletea. Siwezi kukurudisha kwa neno "vizuri" peke yake. Kaa hapo kwenye kigoda. Nitakueleza habari za shangazi yangu, halafu utaamua mwenyewe la kufanya na ule ukurasa uliomchora bibi yako akichimba dawa.

Nilikuwa mwalimu kijana Magoma, upande wa Korogwe. Nafundisha kusoma kwa wadogo na sayansi kwa wakubwa. Vitabu vilikuwa vichache, watoto watano wanainamia kimoja, na picha zake zilikuwa za watoto waliovaa makoti wakicheza kwenye theluji. Mtoto wa Magoma ameiona wapi theluji? Nikasema nitatengeneza vya kwangu. Mkono wa kuchora nilikuwa nao tangu utotoni, na kichwa kigumu nilikuwa nacho pia, wala usicheke, maana na wewe unacho. Nilikata karatasi za manila vipande vipande, nikachora kwa wino, nikapaka rangi za maji, na chini ya kila picha nikaandika mstari mmoja kwa herufi kubwa. Mashine ya kurudufu hatukuwa nayo. Kila nakala niliichora upya kwa mkono, na nikifika ya tatu mgongo unauma kama nimelima siku nzima. Kushona nilishona kwa nyuzi za katani, kwa sababu kwetu katani ndiyo kitu ambacho hakikukosekana.

Kitabu cha kwanza nilikiita Chungu cha Shangazi. Shangazi huyo, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa mfinyanzi kule Misima, Handeni. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na shangazi ndiye aliyenichukua akanilea mpaka nikaenda chuo cha ualimu. Nilikua nikimtazama akifanya kazi uani. Hakuwa anakaa. Aliinama, akakizunguka chungu kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mmoja nje, anapandisha udongo huku anaongea na sisi kama vile mikono si yake. Akimaliza analainisha kwa gunzi la hindi, halafu kwa kijiwe ambacho hakumruhusu mtu kukigusa. Nilitaka watoto wangu wa Magoma waione kazi ile. Nilitaka pia, nikiri leo, shangazi aone kwamba mtoto aliyemlea amekuwa mtu.

Sasa jambo hili lisikilize vizuri, maana ndilo lenye kosa. Kwa wafinyanzi wa kwetu udongo ni mali ya wanawake. Mahali wanapouchimba, mwanamume hafiki, hata awe mtoto. Wanakwenda wenyewe kwa mstari, mkubwa wao mbele, na wakirudi hawasemi njia waliyopita. Mwanamume akifika pale, wanasema, vyungu vinapasuka motoni. Mimi nililala chini ya paa moja na mfinyanzi miaka yote ile na machimbo sikuyaona hata siku moja. Nilichokuwa nacho ni maneno mawili matatu yaliyomtoka shangazi nikiwa mdogo, akizungumza na wenzake akidhani nimesinzia. Kwamba kuna mkuyu ulioinamia kijito. Kwamba ukingo pale ni mwekundu juu na mweusi chini. Nilikuwa na masikio, mwanangu, na sikusahau kitu.

Basi nilipofika ukurasa wa sita nilihitaji picha ya machimbo. Maneno niliyoyaandika chini yake yalikuwa haya: Shangazi anakwenda kuchimba udongo. Hayana kosa. Ila kwenye picha nikauchora ule mkuyu umeinama, nikachora ukingo wa rangi mbili, nikamchora shangazi na kijembe chake, na pembeni yake nikamchora mtoto wa kiume amejitwisha kikapu cha udongo. Mtoto yule alikuwa mimi. Nilimpa hata kovu langu la kwenye paji la uso. Nilijiambia kitabu cha watoto hakiwezi kwenda bila mtoto, na kwamba kuchora si kufika. Nilijua mwiko ule. Nilijua kabisa, usije ukafikiri nilisahau. Nilidhani tu kwamba mwiko unahusu miguu, hauhusu kalamu.

Nilichora nakala nane. Mwalimu mwenzangu alikuwa amehamishiwa shule ya jirani na kwa shangazi, akaniomba mbili kwa ajili ya wanafunzi wake. Nikampa kwa furaha. Watoto wakapewa zamu ya kwenda nazo nyumbani, na huko nyumbani mama zao na bibi zao wakazifungua.

Mimi sikuwa na habari. Likizo ilipofika nilichukua nakala niliyoichora kwa uangalifu kuliko zote, nikaifunga kwenye kitambaa, nikapanda basi la Handeni. Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu. Nilifika mchana, jua limekaza, nikamkuta shangazi amekaa kwenye mkeka uani, miguu ameinyoosha. Ulikuwa wakati wa kufinyanga, kiangazi chenyewe, na ua ulikuwa mtupu. Hapakuwa na chungu hata kimoja kinachokauka. Mikono yake ilikuwa safi. Sijawahi kuiona mikono ile ikiwa safi namna ile isipokuwa msibani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja na kile kitabu?"

Nikashangaa amekijuaje. Nikamkunjulia kitambaa, nikaanza kumsomea kwa sauti yangu ya darasani. Hakunisikiliza. Hakujua kusoma, na macho yake yalikuwa yanapita kwenye picha, taratibu, yeye ndiye aliyekuwa anafunua kurasa. Alipofika ya sita akaweka kidole juu ya yule mtoto.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, shangazi. Tazama kovu."

"Ulifika lini pale?"

"Sikufika. Nimechora tu. Hata maneno hayasemi kama nilifika, sikiliza nikusomee..."

"Maneno yako nani anayasoma?" aliniuliza, na hakupandisha sauti. "Wenzangu wameletewa kitabu na wajukuu zao. Wameuona mkuyu. Wameuona ukingo. Wamekuona wewe umejitwisha udongo. Na mwezi uliopita tumechoma, vyungu vimepasuka karibu vyote. Unataka niwaambie nini, baba? Niwaambie mwanangu ni mwongo, au niwaambie mimi ni mwongo?"

Nilitaka kufungua mdomo nimweleze habari ya unyevu, kwamba mvua za mwisho zilichelewa kukatika mwaka ule, kwamba udongo usiokauka vizuri hupasuka motoni. Mimi si mwalimu wa sayansi? Akaniona usoni kabla sijasema.

"Usije ukawafundisha," akasema. "Wameniambia nipumzike. Hawajanifukuza, wameniambia nipumzike. Siku ya kwenda kuchimba hawanipitii tena."

Nililia, mwanangu, mtu mzima na viatu vyangu vya ualimu. Yule mama alikuwa na kitu kimoja tu duniani alichokifanya kuliko wenzake wote, na alikuwa na wale wenzake aliotembea nao kwenye mstari ule tangu akiwa msichana. Nilimpokonya vyote viwili kwa kitabu nilichokuwa nimempelekea kama zawadi. Yeye hakulia. Aliingia ndani akanipikia ugali na mlenda, akanitazama nikila, akaniuliza kama kule Magoma napata maziwa.

Siku ya pili nilikwenda kwa mkubwa wa wafinyanzi, bibi mmoja mfupi mwenye sauti nzito, tulimwita Bi Zahara. Nikamwapia kwamba sikukanyaga machimboni. Nikamwambia kosa ni langu, shangazi hakunipeleka. Akanisikiliza mpaka mwisho akitwanga, hakuacha kutwanga.

"Mwalimu," akasema, "wewe unaapa kwa mdomo. Lakini ile picha inakaa kwenye nyumba za watu kila siku na inasema ulifika. Sasa tumwamini nani?"

"Nifanye nini, bibi?"

"Kilichosema uongo ndicho kiseme ukweli. Si unajua kuchora?"

Basi nikarudi Magoma nikaanza kukusanya. Nakala nane, hesabu ndogo, lakini kila mtoto alikuwa amempa mwenzake. Nilipiga hodi nyumba za watu, Magoma na hata kule karibu na kwa shangazi, nikiomba kitabu changu kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Nilizipata saba. Iliyobaki ya nane ni ya shangazi mwenyewe, na alipoona naiulizia alisema hiyo niiache. Katika zile saba nilichora ukurasa wa sita upya. Nikaondoa mkuyu, nikaondoa kijito na ukingo wake. Nikachora migongo ya wanawake wakienda kwa mstari kwenye nyasi, na mtoto wa kiume amebaki mlangoni anawatazama mpaka wanapotea. Nikaubandika kwa uji wa muhogo juu ya ule wa zamani. Maneno ya chini sikuyabadilisha hata herufi: Shangazi anakwenda kuchimba udongo. Nakwambia, watoto wangu waliupenda ukurasa ule kuliko wa kwanza, maana kila mmoja alikuwa na lake la kusema kuhusu huko mama walikokwenda.

Bi Zahara na wenzake waliutazama. Kiangazi kile walimwacha shangazi, na kilichofuata pia. Cha tatu wakampitia asubuhi. Zamani alikuwa anatembea mbele, wa pili kutoka kwa Bi Zahara. Walipomrudisha akawekwa mwisho kabisa, nyuma ya wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe. Akakubali. Alitembea mwisho mpaka miguu ilipokataa. Mimi nimeendelea kuchora vitabu miaka mingi baada ya hapo, na watu wamenishukuru, na hakuna shukrani iliyowahi kuniondolea ile picha ya shangazi akiwa nyuma.

Alipofariki tulimzika Misima. Baada ya siku za msiba binti yake aliniita ndani, akanifungulia sanduku la mama yake. Chini kabisa, chini ya kanga, kulikuwa na ile nakala ya nane kwenye kitambaa changu kilekile. Nilidhani aliichoma. Nikaifungua, nikapita kurasa zote, ni safi, hazina hata kunyanzi. Pale kwenye ukurasa wa mwisho, mtoto anapokunywa maji ya kwenye mtungi, karatasi ilikuwa imelainika kwa kushikwashikwa. Kisha nikarudi ukurasa wa sita. Mkuyu upo, kijito kipo, yeye yupo na kijembe chake. Mtoto hayupo. Alichukua udongo wake, ule wa kufinyangia, akamfunika kwa dole gumba, akaulainisha vizuri kama alivyolainisha chungu, na umekauka hapo. Alama ya kidole chake inaonekana mpaka leo.

Kitabu chenyewe ndicho hiki nilichokipakata. Kishike. Usipasugue tu hapo, udongo umeanza kubanduka pembeni.

Sasa nasaha yangu, kisha uniache nijinyooshe. Ukichora mtu aliye hai, mtu wa kwenu, usimpelekee kitabu kikishachapwa na kushonwa. Mpelekee kikiwa bado penseli. Na usimsomee maneno. Mpe picha, wewe nyamaza, mwache afunue mwenyewe, umuulize anaona nini. Atakachokuambia ndicho watakachokiona watoto wote wasiojua kusoma, na mama zao, na majirani. Ukiona kidole chake kimesimama mahali, ukurasa huo si wako tena, ni wa kuzungumza naye. Inachosha. Utachora mara tatu kitu ambacho ulidhani umekimaliza, na wengine watakukatalia kabisa, na utakuwa na kitabu chenye kurasa pungufu. Kubali uchovu huo. Mimi nimebeba mwingine, na wangu hauna mapumziko.

Ule ukurasa wako wa bibi yako na mizizi yake nimeutazama sana. Umeuchora vizuri mno, mwanangu, kuliko nilivyoweza mimi. Mti wenyewe nimeutambua kwa majani. Kilima nimekitambua. Hata mimi mwenye macho haya nikiamka kesho naweza kwenda kuuchimba. Bibi yako ameuona ukurasa huo? Basi. Usinijibu mimi.

Simu yako chukua, na ndizi mbili chukua za njiani. Pitia kwa bibi yako kabla hujafika kwenu, ungali mchana. Mungu aushike mkono wako usitetemeke mapema kama wangu, akupe watoto wa kukusomea utakapozeeka, na akujalie kila uliyemchora akuite ndani, akupikie, na siku ya kwenda wakupitie, utembee nao mbele.