Chombo Hakirudi Kitupu

Watu wakisikia nina friza wanadhani nimeyapatia maisha. Friza lenyewe la mtumba, mfuniko wake haushiki mpaka uweke tofali juu, na umeme wa mtaani kwetu Lipangalala ukiamua kwenda zake unaondoka bila kuaga. Nililinunua nikauze barafu za ubuyu kwa watoto wa shule. Biashara ikafa yenyewe, friza likabaki, nikaanza kulijaza chakula cha mama yangu.

Mama alikuwa dunguni. Kwa asiyelijua bonde letu niseme: mpunga ukishatoa masuke, haulindwi kutoka mjini. Mtu anahamia shambani, anakaa kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya matope, anaamia ndege, yaani anawafukuza, tangu jua halijachomoza mpaka linazama. Kwelea kwelea wakitua wewe umesinzia, mwaka mzima utakula wa kununua. Kila nyumba inatoa mtu wake. Nyumba yetu ilibaki na watu wawili, mama na mimi, baba tulishamzika. Mimi nina cherehani yangu kwenye kibaraza huko Mlabani, nashona sare za shule, na mzazi anayedai sare hataki kusikia habari za ndege. Basi akaenda mama, na umri wake ule, na presha yake.

Sikuogopa nyoka wala viboko. Nilichoogopa ni kwamba hatakula. Namjua mama yangu, akiwa peke yake hapiki. Asubuhi uji, mchana anatafuna kipande cha muhogo, jioni anasema ameshiba. Dawa za presha anazimeza tumbo likiwa tupu, halafu anashuka ngazi ya dungu kichwa kinamzunguka. Msimu uliopita alirudi mjini amekonda mpaka majirani wakaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo. Niliona aibu, na niliogopa. Nikaapa kwamba safari hii atakula, atake asitake.

Ndipo ikaanza kazi ya Jumapili. Nikitoka misa ya kwanza sibadilishi hata nguo, nawasha majiko mawili ya mkaa uani na kutenga sufuria kubwa za kuazima. Nilijifunza kwa kuharibu. Viazi mviringo ukivigandisha, siku ya kuvipasha vinakuwa sponji la kuoshea vyombo. Mchicha unageuka kamasi. Tui la nazi likiwa jepesi linakatika, maji huku mafuta kule, na mama akaniletea salamu kwamba mboga yangu imefika inalia machozi. Kisamvu ndicho hakina maringo. Ukitwange, ukichemshe mpaka kilainike kabisa, ukiunge kwa karanga, kitaganda, kitayeyuka na kurudi kilekile. Maharage hivyohivyo, mradi uyaache na mchuzi mwingi na chumvi kidogo, maana dunguni yatachemka tena na kukauka. Kambale mkavu, dagaa wa nyanya, utumbo uliochemshwa mpaka umelegea. Vitu vya bei ya chini vyote. Nimegundua chakula cha maskini ndicho kinachovumilia barafu, hivyo vya matajiri vinadeka.

Basi Jumapili nzima naungua moshi, jioni napakia kwenye makopo ya siagi, nayapanga frizani, naweka tofali. Jumatatu nipo kwenye cherehani, mgongo unauma na macho yanawasha. Mteja ananiambia, "Dada, jana si mlipumzika?" Navuta uzi, naendelea kushona.

Aliyenipelekea makopo ni Msukuma mmoja wa makamo, aliyeuza ng'ombe wake akanunua pikipiki. Shamba lake limepakana na letu, kwa hiyo hapitishi siku mbili bila kwenda. Ni njia ya kuelekea Chita, kisha unakata kushoto unashuka bondeni, na mvua ikinyesha pikipiki unaisukuma wewe badala ya yenyewe kukubeba. Makopo nilikuwa nayafunga magazeti mengi na kipande cha blanketi kuukuu. Yakifika bado yana barafu katikati.

Mwanzoni mama alinuna. Simu yake ilikuwa inaisha chaji mara tu akifika shambani, kwa hiyo maneno yote yalipitia kwa yule Msukuma, naye alikuwa anayatoa yote bila kupunguza hata moja. "Mama anasema umemlisha chakula kilichotoka mochwari."

"Na amekila?"

"Amekila. Ila anasema marehemu alikuwa na chumvi kidogo."

Nilicheka peke yangu pale kibarazani mpaka uzi ukakatika. Alikuwa anakula, na mimi sikutaka zaidi ya hapo.

Makopo yalikuwa yanarudi yameoshwa, yananukia jivu, na ndani hapakosi kitu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na chochote ulichonacho, hata ndimu moja, hata chumvi. Kurudisha chombo kitupu ni kama kumwambia mwenzako kwamba sina tena la kukupa. Mama alikuwa ananiwekea majani ya maboga, au perege wadogo waliobanikwa, au tango. Mara moja akaniletea pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa ukawa bapa, ningali naukumbuka utamu wake. Lakini niseme ukweli, mara nyingi nilikuwa nanung'unika. Majani ya maboga yana nyuzi, kuyamenya ni kazi, na mimi nimerudi kutoka kazini miguu imevimba. Namlisha ili apumzike, naye ananitafutia kazi! Hata hivyo, siku kopo linapofika, kitu cha kwanza nilikuwa nafungua kuangalia kuna nini. Kama kuna kitu, mama mzima.

Siku moja kopo lilirudi tupu.

Yule Msukuma alinikabidhi, akasema, "Mama anasema asante."

"Amesema hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Chakula cha mochwari hajakisema?"

Akatikisa kichwa. Nilifungua tena kana kwamba nilikuwa nimeangalia vibaya. Lilikuwa safi, kavu, halina hata jani. Nilifunika cherehani na sare zake nusu nusu, nikapanda nyuma ya pikipiki ileile iliyoniletea habari.

Tulimkuta mama amelala ubavu juu ya dungu. Makopo ya bati ya kutishia ndege yamefungwa kwenye kamba inayopita shamba zima, na ncha ya kamba ameifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Ndege wakishuka anarusha mguu, makopo yanapiga kelele, wanaondoka. Hakuinua hata kichwa.

"Shikamoo mama. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Nimechoka tu."

Na mimi nilikuwa nimeogopa mno njia nzima, uoga ukanigeuka hasira. Nikamwambia, "Uchovu gani huo, mama? Umeshindwa hata kuchuma jani moja la boga? Umenitoa roho bure!"

Akasema, "Kumbe ulikuwa unangoja jani."

Nikashika paji la uso wake, linachemka. Tulimpakia kwenye pikipiki mpaka zahanati. Walisema ni malaria, na presha imepanda juu yake, wakasema apumzike na asirudi bondeni. Mama akasema mpunga tuliochelewa kupanda ndio kwanza uko kwenye maziwa. Alikuwa anasema kweli, hata mimi nilikuwa nimeuona. Hapo ndipo ndege wanapoupenda, suke likiwa bado laini, na ukiwaachia siku moja umewalimia wao. Tulitazamana, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kumtazama.

Basi nikafunga kibaraza Mlabani, nikaomba radhi wateja, wengine wakanitukana kwa adabu. Mama akabaki Lipangalala na friza. Nilimwachia maelekezo marefu ya kupasha, moto mdogo, maji kidogo, asigeuze geuze. Akaniambia, "Nenda zako. Mochwari nitailinda mimi."

Dungu si mahali pa kukaa, ni mahali pa kuinuka. Unakaa, wanashuka upande wa kule. Unavuta kamba, unapiga kelele, unarusha udongo kwa kombeo, wanahamia upande wa huku. Kufika mchana sauti imekwisha. Kuni zimelowa, mafiga yamezama kwenye tope, unapuliza moto mpaka machozi, na ukipuliza huangalii shamba. Hapo ndipo nilipolielewa lile kopo. Nilikuwa nashukuru halihitaji kukatwa kitunguu, halihitaji lolote, nalipasha tu. Siku nyingine nilikula maharage nusu ya moto nusu ya baridi, nimesimama, kamba mkononi.

Mara ya kwanza nilirudisha kopo na majani ya maboga, kwa mbwembwe, nimuonyeshe mama kwamba na mimi nimo. Maboga yetu yako kando ya kichuguu, mwisho wa shamba. Kumbe kufika pale ni kushuka ngazi, kuvuka tope la magoti, kila hatua unageuka kuwapigia ndege kelele, unachuma haraka haraka, unarudi na ruba miguuni, na unakuta wameshatua kwenye kona ya mbali. Perege je? Ni kwenda kuangalia mgono, mtego wa samaki, mtoni kabla hakujapambazuka, na kuuangalia si kupata. Na pepeta ile! Kukaanga, kutwanga na kupepeta, peke yake, na kamba kidoleni. Nilikaa chini nikaona haya. Wiki zote zile nilikuwa nadhani vitu vile vinaokotwa mlangoni.

Sasa kila kopo lilipokuja likawa linaniletea raha na mzigo. Raha, kwa sababu mama alishaanza kupika vya kwake na kuvigandisha, mzee yule aliyekuwa anakidharau chakula cha barafu, na alikuwa ananishinda. Mzigo, kwa sababu ni lazima nitafute cha kurudishia. Nilirudisha mlenda. Nilirudisha tango moja limeliwa na panya ubavuni, nikakata pale. Kisha ikaja wiki ambayo mvua haikukatika na ndege hawakukoma, na mwili wangu ukakataa. Sikuwa na homa. Sikuwa na kitu. Nilimwona yule Msukuma anakuja kuchukua kopo, nikaangalia kule kwenye kichuguu, nikaona ni mbali mno.

Niliosha kopo kwa jivu, nikampa.

"Mwambie mama asante."

Alilishika, akalitikisa sikioni. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Kesho yake, jua limeshapanda, nikasikia pikipiki inanguruma kwenye tope kabla ya wakati wake. Nyuma ya yule Msukuma alikaa mama yangu, kanga imefungwa kichwani, magoti yote matope, amekumbatia kopo kwa mikono miwili. Alikatazwa kurudi bondeni, na amerudi. Alipanda ngazi taratibu, anapumua kwa kinywa, akanishika paji la uso hata kabla ya kuketi.

"Shikamoo mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi," nikamwambia. "Nimechoka tu."

Nikasikia nilivyosema. Na yeye alisikia. Nilimngoja aniambie lile lililonistahili, kwamba umeshindwa hata kuchuma jani, umenitoa roho bure. Hakulisema. Alifungua blanketi, akafungua kopo, akatoa kijiko kimoja kwenye pindo la kanga. Kilikuwa kisamvu. Walikuja mbio mno, hakikupata muda wa kuyeyuka, katikati kilikuwa jiwe.

"Ngoja nikuwashie moto," nikasema.

"Moto gani? Kaa."

Tukakila hivyohivyo, kijiko kinapokezana, tunakwangua pembeni palipolainika na kuiacha barafu katikati. Meno yaliniuma kwa baridi. Mama akatafuna, akatema kipande kwenye kiganja, akasema kwamba marehemu huyu bado hajakubali kufufuka. Nilicheka, halafu nikawa nalia, sikujua imeanza saa ngapi.

Akaufikia mguu wangu, akaifungua kamba kwenye kidole changu, akaifunga kwenye chake.

"Lala," akasema.

"Na presha yako?"

"Presha yangu nimekuja nayo. Lala, ndege nitawaangalia mimi."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nililala mchana kweupe kichwa kwenye paja lake, na kila niliposhtuka nilisikia makopo yanapiga kelele shambani, nikajua mguu wake unafanya kazi, nikalala tena.