Kasimu na Ua Wake Uliotembea

Mama yake alimwita Kalume. Nalisema hilo mwanzo kabisa tusije tukadanganyana, maana leo ukimwita Kalume hageuki, anatazama mtoni mpaka umpite. Alizaliwa kule Pangi, kwa wakulima wasio na makuu. Akaingia upagazi, akabeba pembe za ndovu mpaka Ujiji, akarudi hapa Kindu na kanzu moja, kofia moja na jina jipya, Kasimu. Ujiji ndio mwisho wake. Bahari hajaiona hata ndotoni. Lakini msikilize akikaa barazani kwa watu: "Sisi watu wa pwani hatufanyi hivyo." Pwani gani, baba? Labda pwani ya mto wetu, Lualaba.

Mimi ni Hadidja, nauza chumvi sokoni, na nimekaa mtaa mmoja naye miaka yote hiyo. Sina sababu ya kumsingizia, mwenyewe ananipa ya kusema kila siku.

Basi mtu wa pwani lazima awe na ua. Kasimu alisema mke wake, Mwanvua, ni mwanamke wa sitara, hatazamwi na mwanamume asiye wake. Akasimamisha ua wa matete, mrefu kuliko wa mtu yeyote mtaani, na kibarazani akaweka mkeka ili wageni waishie hapo. Ndani wanaume hawakukanyaga. Sasa niwaambie sitara ya Mwanvua ilikuwaje. Alfajiri alikwenda shambani na jembe begani, kwa sababu mtu wa pwani hashiki jembe. Kutoka shambani alikuja sokoni kuuza sombe, majani ya muhogo, kando yangu, na wanaume wa Kindu yote wakimsalimia kwa jina. Jioni alichota maji mtoni. Halafu ndipo aliporudi kusitiriwa.

Upande wa pili wa ua alikaa Safi, mjane, mfinyanzi. Marehemu mume wake alimwachia nyumba ndogo na kiwanja, na kiwanjani, hatua kumi hivi kutoka kwenye ua wa Kasimu, kulikuwa na shimo la udongo wa kufinyangia, mweusi, laini, usio na mchanga hata chembe. Vyungu vya Safi vilijulikana mpaka Lokandu. Huko Lokandu ndiko alikokaa shemeji yake, mvuvi mwenye wake wawili, na tangu msiba alikuwa akituma maneno yale yale: mjane wa ndugu yangu aje akae kwangu, hawezi kuishi peke yake. Safi alimjibu, "Vyungu vyangu vinanilisha." Ndiyo ngao yake yote. Vyungu vikishindwa, angefunga mzigo aende kuwa mke wa tatu wa mtu anayenuka samaki na asiyecheka.

Huku kwetu nguzo kavu haziwekwi uani, mchwa wanazimaliza kabla hujapumzika. Tunakata miti mibichi, tunaichomeka, tunafunga matete kwa kamba za msituni. Mvua kubwa zikipita, matete yameoza, kila mtu anasuka upya. Kasimu naye alisuka upya. Ila yeye, kila akisuka, alichomeka nguzo mpya hatua nne mbele, upande wa Safi. Mwaka wa kwanza Safi alidhani macho yake yamemdanganya. Mwaka wa pili alikwenda kumwuliza.

"Jirani, ua wako umesogea."

"Ua una miguu?" Kasimu akamjibu, bila hata kuinuka mkekani. "Na uniite bwana."

Mwaka wa tatu shimo la udongo likaangukia ndani ya ua wa Kasimu. Safi aliamka asubuhi moja akakuta matete pale alipokuwa akishukia na kapu lake. Alikaa chini akalia, mimi nilimwona, na Safi si mtu wa kulia hovyo.

Mwaka ule mzima alichota udongo mbali, kwenye kingo za mto, mwendo wa nusu siku, kapu likimvuja mgongoni. Udongo wenyewe una mchanga. Akichoma vyungu kumi, saba vinapasuka motoni. Wateja wakaanza kununua kwa wengine. Shemeji wa Lokandu akasikia, habari za shida zina mbio, na safari hii hakutuma maneno matupu. Alituma mtumbwi uje umsubiri gatini.

Ndipo Safi akaenda kwa Mwalimu Bakari, anayesomesha watoto Kurani na kuamua magomvi ya mtaa. Mwalimu ni mtu wa taratibu, mpaka anakera. Akatuma wazee wawili wakapime ua kwa ndani, wauone ulianzia wapi. Kasimu aliwazuia mlangoni, mikono yote miwili kwenye mwimo.

"Mwanamke iko ndani," akasema. "Munataka kuvunja sitara yangu?"

Wazee wakaona haya, wakaomba radhi, wakarudi. Saa ile ile mwanamke wa sitara alikuwa sokoni, kando yangu, anamkatalia mvuvi mmoja bei ya sombe. Wale wazee walimpita wakirudi, wakamwamkia, na akili zao hazikuamka. Nilitamani kuwatupia chumvi.

Nikawaacha. Nikaenda mwenyewe kwa Mwalimu, na mikono bado nyeupe kwa chumvi. "Mwalimu," nikamwambia, "kama ua ule ni wa wanawake, si utume wanawake?"

Akakuna ndevu. Kisha akasema tuende wanne.

Jioni tulikwenda, mimi na wenzangu watatu wa sokoni, wote watu wazima. Kasimu alipotuona alitabasamu, tena akasogeza mkeka tupite. Alidhani tumekuja kumtembelea mke wake. Mtu aliyejenga ua dhidi ya macho ya wanaume hakukumbuka kama na sisi tuna macho.

Ndani nilitegemea mazulia. Niliwaza sinia za shaba, mito, kasha la mninga, yale yote anayoyahubiri barazani. Kulikuwa na kibanda kinachovuja, mkeka mmoja, kuku wawili na jembe. Jembe moja, la Mwanvua. Kumbe ule ua wote ulikuwa unasitiri kutokuwa na kitu.

Mwanvua alitukaribisha, akatupa maji. Hakuuliza tumefuata nini. Tukatazama huku na huku, hatujui pa kuanzia, mpaka mwenyewe akasema polepole, akiwa ametupa mgongo:

"Anzeni kule kwenye miti mirefu."

Nikageuka, na yote yakawa wazi. Kasimu alipousogeza ua hakung'oa nguzo za zamani. Kung'oa ni kuchimba, na kuchimba ni kazi ya mikono. Alizikata tu usawa wa goti, akaenda zake, na miti mibichi ukiichomeka kwetu haifi, inachipua. Kulikuwa na safu tatu, zimenyooka, kutoka ukuta wa kibanda mpaka kwenye ua wa sasa. Safu ya kwanza kuku walikuwa wanalala juu yake. Ya pili ilinifika kichwani. Ya tatu kifuani. Kati ya safu na safu, hatua nne. Nilizipima kwa miguu yangu, na wenzangu wakapima kwa miguu yao.

Na kati ya safu ya tatu na ua wenyewe, pale shimo la udongo lilipokuwa, kulikuwa na lundo la majivu na takataka.

Siku ya pili Mwalimu alituita wote. Tukasema tulichoona, mmoja mmoja. Kasimu aliposikia alicheka, kicheko cha kujaribu.

"Mwalimu, hii njo nini? Muntu anashitakiwa kwa maneno ya wanawake? Ushahidi wa wanawake wawili ni wa mwanamume mmoja. Hata mimi najua."

"Ndiyo maana nilituma wanne," Mwalimu akasema. "Na mahali wanaume hawaingii, maneno ya wanawake yanatosha peke yake. Wewe mwenyewe njo uliyesema hawaingii. Kama nimekosea, nifungulie mlango sasa hivi. Mimi na watu wote hawa tuingie tuhesabu safu zako."

Baraza zima likamgeukia. Akifungua, mtaa mzima utaona kile kibanda na kuku wawili, na hadithi za pwani zitakufa mchana kweupe. Asipofungua, ardhi inaondoka. Alifikiri, maskini, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifikiri.

"Mlango haufunguliwi," akasema mwishowe.

Basi ua ukaamriwa urudi kwenye safu ya kwanza. Ile miti imeshika mizizi, Mwalimu akasema, ndiyo mpaka, na atakayeikata atajibu mbele yake. Kasimu akachagua heshima. Heshima ipi, mimi sijui, lakini alitoka pale ameinua kidevu.

Safi hakushangilia. Alikwenda moja kwa moja shimoni na kapu. Hapo ndipo nilipofumba mdomo wangu, maana shimo lilikuwa limejaa takataka za mwaka mzima, zimeshindiliwa na mvua, na hatukujua kama chini yake udongo umebaki udongo. Na mtumbwi wa shemeji ulikuwa bado gatini. Wapiga makasia walikuwa wamewasha moto wanachoma ndizi, hawana haraka.

Tukasikia mtu anashuka shimoni. Alikuwa Mwanvua, na jembe lake.

"Mimi njo nilikuwa nikizitupa," akamwambia Safi. "Kila asubuhi. Aliniambia nizitupe hapa."

Safi akamsogezea kapu. Siku ile walichimba wote wawili bila neno. Siku ya pili Safi alimpa maji. Siku ya tatu matope yaliwafika magotini, na barabarani wanaume walikuwa wanapita, wanasimama, wanatazama. Kasimu akaja mpaka kwenye safu ya kwanza, na kofia yake.

"Mwanvua. Ingia ndani, unatazamwa."

"Nikimaliza," akasema Mwanvua, na hakuinua kichwa.

Alisimama pale mpaka jua lilipokwenda. Hakuna aliyempikia.

Siku ya nne jembe lilitoa udongo mweusi, laini. Safi akaufinya kiganjani, akaunusa, akaenda gatini na mkono vile vile, haujanawa, akawaonyesha wapiga makasia. Jibu lake la siku zote walilijua. Walizima moto wao, wakarudi Lokandu na mtumbwi mtupu.

Chungu cha kwanza kilichotoka motoni kizima Safi alimpa Mwanvua. Kasimu anapakuliwa kutoka humo kila siku, anakula, anaomba kuongezewa, na sijamsikia hata mara moja akisema udongo wake umetoka kwenye kiwanja cha nani.