Fundi Aliyejaribu Majeneza

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa fundi wa majeneza kule Bungulu, mjini Beni, na hakuna jeneza lililotoka kwake kabla yeye mwenyewe hajalala ndani. Alivua viatu, akaingia, akakunja mikono kifuani na kufumba macho, kisha akajigeuza kidogo kushoto na kulia. Bega likigusa ubao, alitoka na kuchukua randa.

"Muteja wangu hapana atarudia kulalamika," alisema. "Donc mimi nalalamika pa nafasi yake."

Sasa, Beni kuna joto, na mbao za msituni zina ubaridi mtamu. Majaribio yake ya mchana yaligeuka kuwa usingizi. Mtu aliyefiwa alikuja macho mekundu, akapiga hodi mlangoni, na sauti ikamjibu kutoka ndani ya jeneza: "Karibu, ingia tu, nafasi iko!" Wengine walikimbia hadi barabarani. Dada yangu aliwafuata na kikombe cha maji, akiwaomba radhi, huku yeye mwenyewe akijizuia kucheka.

Mimi niliishi Butembo, nikiuza sabuni na madaftari. Kwa kuwa nilimaliza humanités, yaani sekondari, watu waliniita niseme kwenye mazishi, na katika miaka ile ya vita kazi hiyo haikukosekana. Hotuba yangu ilikuwa moja. Nilibadilisha jina la marehemu na idadi ya watoto, basi. Kila niliyemzika alikuwa mtu wa amani na baba wa wote, hata wale waliokuwa wakipiga majirani. Shemeji alinisikia mara nyingi, na kila mara alinivuta pembeni.

"Shemeki, siku moja batakuita kuzika mbuzi. Na wewe utasema ilikuwa baba ya bote."

Hakufa kwa risasi. Aliugua tumbo, na habari ikanifikia Butembo wakati tayari alikuwa amelazwa katika jeneza lake la mwisho, ambalo, walivyoniambia, alikuwa amelijaribu na kuliona zuri. Nilipanda lori la kabichi, nimevaa koti langu la sufi la baridi ya Butembo. Njiani, juu ya yale magunia, nilimkumbuka akiwakaribisha wateja kutoka ndani ya mbao zake, nikaanza kucheka peke yangu. Utingo alinitazama sana.

"Papa, unaenda mu kilio ao mu ndoa?"

Nilimkuta dada ameketi kwenye mkeka, katikati ya wanawake. Alinishika shingo, tukalia. Halafu akaninong'oneza sikioni kwamba nisimulie kaburini siku ile waasi walipombeba mumewe ndani ya jeneza, akiwa hai.

"Batu bacheke, mutoto ya mama. Nilimuahidia. Kama hapana bacheke, itakuwa sawa nimezika mutu mwengine."

Nilimwambia ndiyo. Kwa kweli nilikuwa na hamu ya kuanza.

Lakini wakati ule waasi ndio walioshika mji, na hawakupenda kuona watu wamekusanyika. Tulipofika makaburini, kamanda wao, kijana wa miwani myeusi, alikuwa tayari amekaa juu ya pikipiki, na askari wake wamesimama nyuma yake. Kisa chenyewe kilikuwa juu ya askari, na askari wa kundi lile lile. Nilitazama zile bunduki, nikasikia jasho likishuka ndani ya koti la sufi, na mdomo wangu ukajifungulia wenyewe njia uliyoizoea.

"Ndugu wapendwa, tunamzika mtu wa amani, baba wa wote..."

Kwetu mjane hasemi kaburini. Huketi chini amefunikwa kikwembe kichwani, wanawake wamemshika pande zote, na yeye analia tu. Kwa hiyo nilipoona kikwembe kinatikisika nilidhani ni kilio.

"Mutoto ya mama! Ule unasema iko nani?"

Ilikuwa sauti ya dada, kutoka chini ya kikwembe.

"Nauliza! Mutu ya amani, baba ya bote, ule mimi hapana namujua. Mufungue sanduku, muangalie muzuri kama ni bwana yangu iko ndani!"

"Mama, ikala!" wanawake walimvuta. "Mujane hapana anasema!"

"Muniache. Bwana yangu alilala mu masanduku ya batu bote, mimi nishindwe kusimama?"

Akasimama, kikwembe kikaangukia mabegani.

"Muko munakumbuka ile siku ya masasi. Bwana yangu akaingia mu sanduku, akajifunika na kifuniko. Baaskari bakakuja kuiba. Bananyanyua sanduku: ee, nzito! Banasema, ni humu batajiri banaficha mali. Banne bakaiweka ku mabega, na kuku ya batu juu ya kifuniko. Mimi niko mu jikoni, naona sanduku inapita. Nikasema, bwana yangu amekufa na hata hapana bananiambia! Nikabafuata na kulia: 'Bwana yangu eee, unaniacha na nani!' Na yeye mule ndani: 'Mama, rudia nyumbani, sombe itaungua!'"

Katekista aliyeongoza mazishi aligeuka, akaanza kuutazama mti kwa makini sana. Hakuna aliyethubutu kucheka. Wote tulimtazama kamanda, naye akavua miwani.

"Na baaskari bakafanya nini?"

"Bangefanya nini, chef? Balikimbia! Bwana yangu chini puu! Bunduki moja mu mufereji, kuku mu mihogo ya jirani!"

"Kuku mulikula?"

"Tulikula na mwenyewe. Yeye alileta fufu."

Kamanda alibana midomo. Alijitahidi, nashuhudia, alijitahidi kweli. Lakini nyuma yake askari mmoja alikuwa tayari ameinama, ameegemea bunduki yake kama mkongojo, machozi yanamtoka, na kamanda alipogeuka kumkemea, kicheko kilimponyoka puani. Basi, ikawa kama mtu amefungua mlango. Makaburi yote yalicheka. Mama mmoja alikaa juu ya rundo la udongo, akampiga jirani yake mgongoni. Katekista aliukumbatia ule mti. Vijana waliokuwa tayari kushusha jeneza walicheka hadi kamba zikacheza mikononi mwao, na mtu akapiga kelele, "Polepole! Ataamuka alalamike!" Ikabidi waliweke pembeni kwanza, wapumue.

Mimi nilicheka kuliko wote. Nilivua koti langu la sufi, nikajifuta nalo uso, na kwa muda nikasahau kwamba kicheko kile sikukileta mimi.

Jioni, kwenye kilio, kila mtu alikuja na kisa chake cha fundi. Walisimulia jinsi alivyomwuliza padri kama angependa kujaribu, na jinsi panya alivyomfuata ndani. Dada aliwasahihisha waliokosea, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia na kucheka pamoja. Nilipoenda kuketi karibu naye alisogea, akanipa nafasi kwenye mkeka. Nilitaka kumwambia amesema vizuri kuliko msomi yeyote.

"Nyamaza," alisema kabla sijafungua kinywa. Hakuwa na hasira. "Ni wewe ulipashwa kusimama. Mimi leo nilitaka kulia tu."

Ningali nasikia sauti ile. Mjane anapewa saa moja ya kukaa chini, kufunikwa kichwa na kuachia wengine kila kitu. Dada yangu aliitumia saa yake akiwa amesimama mbele ya bunduki, akifanya kazi yangu.